Walioshinda Kabla ya Mazungumzo Kuanza

Jumamosi ya tarehe 27 Mei 2023, Rais Joe Biden, Mdemokrat, na Spika wa Baraza la Wawakilishi, Kevin McCarthy, Mrepublikan, walitangaza kwamba wameelewana juu ya kikomo cha deni la Marekani. Muswada wenyewe ulikuwa bado haujachapishwa, lakini orodha zilishaanza kuzagaa: nani kashinda, nani kashindwa. Nilizisoma nyingi. Karibu zote ziliwapanga watu wale wale wenye madaraka: Biden, McCarthy, Mitch McConnell aliyewaongoza Warepublikan wa Seneti, Hakeem Jeffries aliyewaongoza Wademokrat wa Baraza, wakali wa mrengo wa kulia, wanamageuzi wa mrengo wa kushoto. Mtu wa miaka 52 anayenunua chakula kwa kadi ya msaada wa serikali hakuwamo katika orodha hata moja niliyoiona, ingawa sheria ile ya kurasa 99 ilimlenga yeye kwa umri wake.

Tangu hapo wakati umeyapangua matokeo. Aliyepigiwa makofi aliondolewa kazini. Kilichosemekana kuokolewa kilikuja kufutwa. Kundi moja tu halikutikisika toka mwanzo hadi mwisho, na ninaandika kwa sababu halitajwi vya kutosha: wale ambao mambo yao yalitolewa mezani kabla mtu yeyote hajaketi.

Kwa asiyefuatilia siasa hizi: kikomo cha deni hakiruhusu wala hakizuii matumizi mapya. Bunge la Marekani hupitisha matumizi, hupitisha kodi, na pengo linalobaki Wizara ya Fedha hulikopea. Kisha ipo sheria ya pembeni, yenye mizizi katika mikopo ya Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917, inayoweka kiasi ambacho deni lisikivuke. Tarehe 19 Januari 2023 deni lilikifikia kikomo cha dola trilioni 31.4. Waziri wa Fedha, Janet Yellen, akaanza kusimamisha kwa muda michango ya baadhi ya mifuko ya wafanyakazi wa serikali ili fedha zisiishe, na mwishowe akaliarifu Bunge kwamba ifikapo 5 Juni hazitatosha tena. Kuanzia siku hiyo mwenye hatifungani, mstaafu, mwanajeshi na hospitali wangekuwa wanaidai hazina moja isiyoweza kuwalipa wote. Katika hali hiyo, anayeweza kuvumilia kuona malipo yakisimama ndiye aliyeshika mpini. Asiyeweza kaachiwa makali. Warepublikan, waliokuwa wamelitwaa Baraza la Wawakilishi kwa wingi mdogo sana, walilijua hilo vizuri.

Ila kwangu mimi mwaka ule wa deni haukuamuliwa Mei. Uliamuliwa usiku wa 7 Februari, Biden alipohutubia mabunge yote mawili. Alisema wapo Warepublikan wanaotaka kugusa pensheni ya uzeeni, Social Security, na bima ya afya ya wazee, Medicare. Ukumbi ukalipuka kwa kelele za kupinga. Badala ya kusonga mbele na hotuba, akaidaka ile kelele: basi kumbe tumekubaliana, mambo hayo hayamo tena. Akawataka wasimame kwa ajili ya wazee, na pande zote mbili zikasimama na kupiga makofi. Ulikuwa ustadi wa mtu aliyekaa Seneti miaka 36, na waliomsifu walikuwa na haki ya kumsifu.

Sasa angalia hesabu iliyobaki baada ya makofi yale. Pensheni na bima ya wazee hazigusiki. Warepublikan nao walishasema kodi haipandi hata senti. Jeshi halipunguziwi. Matibabu ya askari wastaafu hayaguswi, na hilo hakuna aliyethubutu hata kulibishia. Riba ya deni haina mjadala, lazima ilipwe. Ukishayatoa hayo yote, kinachobaki kukatwa ni yale matumizi yasiyo ya kijeshi yanayopitishwa mwaka kwa mwaka, takriban sehemu moja kati ya saba ya matumizi yote ya serikali kuu. Humo ndimo zilimo ruzuku za shule, utafiti wa magonjwa, msaada wa pango la nyumba, mahakama, hifadhi za taifa na ukaguzi wa usalama wa chakula. Kando yake ikabaki misaada ya maskini, ambayo kila mara huwa na maadui wengi na watetezi wachache. Deni la trilioni 31 lilijengwa na kila kitu, halafu dawa yake ikatafutwa ndani ya sehemu moja ya saba.

Sina ugomvi na wazee kulindwa. Ningewalinda na mimi. Ugomvi wangu ni kodi. Makato ya kodi ya 2001, 2003 na 2017 yamo ndani ya deni lile kama yalivyomo matumizi, lakini upande wa mapato haukuguswa. Biden alijaribu kuingiza hoja ya kuziba mianya ya kodi, akakataliwa, na hoja ikafa bila vurugu. Tena kodi haikuachwa tu ilivyo. Ukusanyaji wake ulidhoofishwa. Mwaka 2022 mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, ilitengewa dola bilioni 80 za nyongeza kwa miaka kumi, ili iweze kuwakagua watu wenye mapato makubwa na makampuni yenye hesabu zilizofichwa kwa tabaka nyingi. Mapatano yaliondoa bilioni 1.4 papo hapo, na kwa maelewano ya pembeni bilioni nyingine 20 zikaelekezwa kwingine. Ofisi ya Bajeti ya Bunge, ambayo haina chama, ilikokotoa kwamba kuondoa zile bilioni 1.4 kutaipotezea serikali mapato ya bilioni 2.3. Yaani sheria iliyopitishwa kwa jina la kupunguza nakisi, yaani pengo kati ya mapato na matumizi, ilikuwa na kifungu kinachoiongeza kwa karibu dola milioni 900, na faida yake ilikwenda kwa mtu aliyekuwa na sababu ya kumwogopa mkaguzi. Huyo hakuhitaji kuingia Ikulu wala kutoa tamko. Alishinda akiwa nyumbani kwake.

Nirudi kwa McCarthy, maana bila yeye habari hii haielezeki. Uspika aliupata kwa taabu. Kura zilianza 3 Januari 2023, akaangushwa duru 14, akapita ya 15 usiku wa manane wa kuamkia tarehe 7. Miongoni mwa alivyovitoa ili apite ni kanuni inayomruhusu mbunge mmoja tu kuleta hoja ya kumwondoa Spika. Kila hatua aliyoipiga baada ya hapo aliipiga hoja hiyo ikiwa imemning'inia kichwani.

Tarehe 26 Aprili aliwashangaza waliomdharau. Alipitisha muswada wa chama chake kwa kura 217 dhidi ya 215, uliotaka kurudisha matumizi ya mwaka hadi kiwango cha 2022 na kuyabana kwa miaka kumi. Makadirio yalisema ungepunguza nakisi kwa trilioni 4.8 katika muda huo. Mpaka siku ile msimamo wa Ikulu ulikuwa kwamba kikomo kiinuliwe bila sharti lolote na hakuna cha kujadili. Baada ya kura ile msimamo ukalegea, na 9 Mei viongozi wa Bunge walikuwa wameketi na rais. Kumlazimisha rais kuja mezani ndiko kulikokuwa ushindi halisi wa McCarthy, kuliko kifungu chochote alichokipata baadaye.

Kilichopatikana kilikuwa kidogo ukilinganisha na kile cha Aprili. Matumizi yalibanwa kwa miaka miwili badala ya kumi. Nakisi ilikadiriwa kupungua kwa trilioni 1.5 katika muongo mmoja. Pembeni yakawapo maelewano ya takriban dola bilioni 69 ambayo hayakuandikwa ndani ya sheria, yaliyolainisha makato mpaka matumizi yasiyo ya kijeshi ya 2024 yakabaki karibu pale pale. Jeshi likapewa bilioni 886, ongezeko la kama asilimia 3, na bado maseneta kama Lindsey Graham wakalalamika kwamba ni kidogo. Wakapewa ahadi ya maneno kwamba dharura zitatafutiwa fedha nje ya kikomo. Aprili 2024 ikapitishwa sheria ya nyongeza ya dola bilioni 95 kwa Ukraine, Israel na Taiwan. Hicho ndicho kinachoitwa kuwa na wa kukusemea.

Kura ya Baraza ilikuwa 31 Mei. Kabla ya muswada wenyewe kulikuwa na kura ya utaratibu ya kufungua mjadala, ambayo kwa desturi chama chenye wingi huibeba peke yake. Warepublikan 29 wakaikataa. Nilikuwa nikifuatilia moja kwa moja, na kwa dakika kadhaa namba zilikaa upande wa kushindwa, Wademokrat wakingoja ishara ya Jeffries. Alipoitoa, 52 wakajitokeza, ikapita 241 kwa 187. Kisha muswada ukapita 314 kwa 117. Wademokrat walioukubali walikuwa 165, Warepublikan 149. Spika alikuwa amepitisha jambo lake kubwa kuliko yote kwa kura nyingi zaidi za wapinzani wake.

Wapo waliosema usiku ule kwamba McCarthy amethibitisha uwezo wake, na kwa saa zile ilikuwa kweli. Ila wakali wa chama chake walihesabu kura kama sisi tulivyozihesabu. Siku sita baadaye, 6 Juni, kumi na moja kati yao waliangusha kura ya utaratibu juu ya jambo lisilohusiana kabisa, shughuli za ukumbini zikasimama karibu wiki nzima. Ili kuwatuliza, kamati ya matumizi ya Warepublikan ikaanza kuandika miswada iliyo chini ya kiwango ambacho Spika wao mwenyewe alikuwa ametia sahihi. Kwa hiyo kikomo cha matumizi, kilichopatikana kwa kuiweka nchi ukingoni, kikageuka kuwa sakafu ya ugomvi mwingine. Septemba 30 McCarthy alitegemea tena kura za Wademokrat ili serikali isifungwe. Oktoba 2 Matt Gaetz, mbunge wa Republican, akaileta ile hoja ya mtu mmoja. Kesho yake Warepublikan wanane waliungana na Wademokrat wote waliokuwapo, 216 kwa 210, na McCarthy akawa Spika wa kwanza katika historia ya Marekani kuondolewa kwa kura. Nilimwona akitoka ukumbini na nilimhurumia kwa kiasi chake. Alikataa kuiacha nchi ishindwe kulipa na kitendo hicho kilimgharimu kiti. Lakini pia ni yeye aliyeisogeza nchi mpaka pale, na gharama ya kuisogeza hakuilipa peke yake: 1 Agosti shirika la Fitch, linalopima uaminifu wa wakopaji, lilikuwa limeshusha hadhi ya mikopo ya Marekani kutoka AAA hadi AA+, likitaja pamoja na mengine mivutano ya kila mara juu ya kikomo cha deni.

Biden kwa upande wake alijizuia kujisifu, akisema wazi kwamba majigambo yake yasingesaidia kura kupatikana. Alikuwa na funzo la zamani. Mwaka 2011, akiwa Makamu wa Rais, ni yeye aliyefunga mapatano ya mwisho na McConnell, hazina ikiwa imefikia kikomo cha trilioni 14.3. Spika wa wakati ule, John Boehner, alisema kwenye televisheni kwamba amepata asilimia 98 ya alichokitaka. Wademokrat wa Baraza wakagawanyika katikati, 95 kwa 95, na Gabrielle Giffords, aliyepigwa risasi ya kichwa Januari, akarudi ukumbini kwa mara ya kwanza ili apige kura ya ndiyo. Ilipofika Novemba kamati maalumu iliyopewa kazi ya kutafuta makato zaidi ilikuwa imeshindwa, na Machi 2013 makato ya kujiendesha yenyewe yakaanza kukata bila kuchagua, jeshi na maabara pamoja. Boehner naye alichoshwa na wakali wale wale akajiuzulu 2015. Maspika wawili, mapatano mawili, na waliowaangusha walikuwa ndani ya chama chao. Nashangaa kwamba bado tunaandika orodha za washindi usiku wa kura.

Ninachotaka kukaa nacho zaidi ni kile kifungu cha chakula.

Sharti la kazi katika mpango wa msaada wa chakula, SNAP, halikuzaliwa 2023. Tangu 1996, mtu mzima asiye na mtoto wa kumtunza wala ulemavu uliothibitishwa hupata msaada huo miezi mitatu tu katika kila miaka mitatu, isipokuwa aonyeshe saa 80 za kazi au mafunzo kwa mwezi. Mwisho wa umri ulikuwa miaka 49. Mapatano yakaupandisha hatua kwa hatua hadi 54. Ukilisikia hilo likitamkwa kwenye televisheni linaonekana jambo dogo na la haki: afanye kazi, ale. Lakini wengi wa watu hawa hufanya kazi. Hufanya kazi za zamu, ambazo mwajiri huzipanga wiki kwa wiki, saa 90 mwezi huu na 60 mwezi ujao kwa sababu wateja wamepungua. Mwenye miaka 53 ana goti au mgongo ambao daktari hajauandika popote kuwa ni ulemavu, na katika ushindani wa ajira anapangwa nyuma ya kijana wa miaka 25. Halafu anatakiwa kuthibitisha, kwa karatasi, kwa wakati, kwa ofisi ambayo simu yake haipokelewi. Wengi hupoteza chakula kwenye hatua hiyo ya karatasi, sharti lenyewe wakiwa wamelitimiza.

Ikulu ilikubali kifungu hicho, lakini ilidai kitu mkononi. Shalanda Young, mkurugenzi wa bajeti, na Steve Ricchetti, mshauri wa rais, walifanikiwa kuingiza msamaha wa sharti kwa makundi matatu: askari wastaafu, wasio na makazi, na vijana wa hadi miaka 24 waliolelewa chini ya uangalizi wa serikali. Ofisi ya Bajeti ilipopiga hesabu ikatoa jibu ambalo Warepublikan walilipinga vikali: wapokeaji wa msaada wangeongezeka kwa kama 78,000 kwa mwezi, na gharama ingepanda kwa bilioni 2.1. Wademokrat walifurahi. Nami nilifurahi, na bado naiheshimu akili iliyotumika pale.

Baadaye ndipo uchungu ulipokuja. Waliotolewa walikuwa maskini na walioingizwa walikuwa maskini. Mwanamke wa miaka 53 alitolewa ili askari anayelala chini ya daraja aingie, na huyo ndiye aliyeitwa ushindi kwa upande wa huruma. Mizani yote ilisawazishwa miongoni mwa watu wasio na kitu, kwa kuwa Februari watu wengine wote walikuwa wameshatolewa kwenye mizani.

Mengine nitayapita haraka. Wadaiwa wa mikopo ya vyuo waliambiwa kwamba malipo yao, yaliyosimamishwa tangu Machi 2020, yanarudi na rais hawezi tena kuongeza muda. Mpango wa Biden wa kuwasamehe sehemu ya deni ulinusurika kwenye mapatano, ukafa Mahakama ya Juu tarehe 30 Juni. Seneta Joe Manchin alipata bomba la gesi la Mountain Valley, maili 303 kutoka West Virginia hadi Virginia, kwa kifungu kilichoamuru vibali vitolewe na kupunguza nafasi ya mahakama kulizuia. Seneta Tim Kaine, ambaye bomba linamalizikia jimboni kwake, alisimama kulipinga akashindwa. Juni 2024 gesi ikaanza kupita. Bomba halina uhusiano wowote na deni la taifa, lakini lilikuwa na seneta ambaye kura yake ilihitajika.

Mapatano ya 2023 yalisimamisha kikomo hadi 1 Januari 2025. Safari iliyofuata chama kimoja kilikuwa na Ikulu na mabunge yote mawili, na hapakuwa na mazungumzo. Sheria aliyoitia sahihi Donald Trump tarehe 4 Julai 2025 ilipandisha kikomo kwa trilioni 5, hadi 41.1, kiasi kikubwa kuliko chochote kilichowahi kuongezwa kwa mara moja. Ofisi ya Bajeti ilikadiria kwamba ingeongeza nakisi kwa trilioni 3.4 katika miaka kumi, zaidi ya mara mbili ya kile kilichosemwa kuokolewa 2023. Chip Roy wa Texas, aliyeyapinga mapatano ya McCarthy kwa madai kwamba hayakati vya kutosha, aliipigia sheria hii kura ya ndiyo. Thomas Massie wa Kentucky, aliyeyakubali ya 2023, aliikataa ya 2025, na ni mmoja wa Warepublikan wawili tu wa Baraza waliofanya hivyo katika kura ya mwisho. Namtaja kwa kuwa sikubaliani naye karibu katika kila jambo, lakini hesabu zake zilikuwa zile zile miaka yote miwili.

Makato ya kodi ya 2017, ambayo mengi yalikuwa yanakaribia kwisha, yakafanywa ya kudumu. Sharti la kazi kwa bima ya afya ya maskini, Medicaid, ambalo McCarthy alilidai 2023 akalikosa, likaingia: saa 80 kwa mwezi, kuanzia 1 Januari 2027 au kabla ya hapo. Umri wa sharti la chakula ukapandishwa hadi 64, na wazazi ambao watoto wao wamefikisha miaka 14 wakaingizwa. Na ule msamaha wa askari wastaafu, wasio na makazi na vijana waliolelewa na serikali, ambao mapatano ya 2023 yaliuandika udumu hadi Oktoba 2030, ukafutwa wote. Uliishi miaka miwili. Waliouomba mwaka 2023 walikuwa na kitu cha kubadilishana, kura zao zikiwa zinahitajika. Mwaka 2025 hazikuhitajika, na katika Seneti sheria ilipita 51 kwa 50 kwa kura ya Makamu wa Rais.